Kipande cha Waya na Samaki wa Kituku

Sambaza hawana subira. Wavuvi wa Ziwa Kivu huwanasa usiku kwa taa, wakiwa juu ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na alfajiri ndoo hushushwa kwenye mawe meusi ya Kituku, upande wa magharibi wa jiji la Goma. Samaki huyu mdogo, aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akikosa baridi hadi mchana tumbo hupasuka na bei huporomoka. Ndiyo maana kongelateri ikizima saa mbili asubuhi, fundi anayeitwa haulizwi imezima kwa nini. Anaulizwa itawaka saa ngapi.

Na fundi ana jibu mfukoni: kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole. Anafungua kifuniko, anakuta kifaa kidogo cha kinga kimekata umeme, anaziunganisha ncha zake mbili kwa ule waya, na mashine inanguruma. Mama mwenye samaki anashukuru, fundi analipwa, asubuhi inaendelea. Baada ya wiki mbili kompresa inaungua, na bei ya kompresa si bei ya feni iliyokuwa imekufa siku ile, feni ambayo ndiyo kifaa kile kilikuwa kinaisemea. Kisa hiki hakina mwenyewe mmoja. Mafundi wa Goma wanakijua, wa Bukavu wanakijua, na wa Mombasa na Mwanza wanakijua vilevile.

Wasomaji wengi wa mbali walilisikia jina la Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, pale boti la MV Merdi lililotoka Minova lilipozama karibu na bandari likiwa limejaa kupita kiasi, na makumi ya watu wakafa maji. Makala hii inahusu hatari nyingine, ya kimya zaidi, inayokaa ndani ya mitaa inayopanda kutoka bandarini: mashine za baridi na vifaa vinavyozilinda, pamoja na watu wanaozizunguka.

Mtu wa pwani anaweza kucheka. Goma iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku watu hujifunika blanketi, kiyoyozi cha nini? Ni kweli, binadamu wa Goma hahitaji sana kupozwa. Wanaohitaji ni samaki, maziwa, dawa, vinywaji na mitambo ya simu na benki. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 mkoa wa Kivu ya Kaskazini ulilazimika kutunza chanjo kwenye baridi ya kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri. Na kiyoyozi cha paa la hoteli, chumba cha baridi cha samaki na kongelateri ya dukani ni ndugu wa tumbo moja: kompresa inasukuma gesi, kondensa inatoa joto nje, evapureta inavuta joto ndani. Walinzi wao pia ni walewale.

Mlinzi anayerukwa kuliko wote ni presostati ya presha ya juu. Kazi yake ni kukata umeme wa kompresa pale gesi inaposhindwa kuachia joto na presha yake kupanda mno. Kwenye viyoyozi vingi vya gesi ya R410A swichi hiyo hukata karibu na bar 42, ilhali siku ya kawaida mashine hufanya kazi kwenye bar ishirini na kitu. Pengo hilo ni kubwa. Maana yake ni kwamba presostati ya juu haikati kwa deko. Ikikata, kuna jambo: mapezi ya kondensa yameziba, au feni imekufa, au gesi imejazwa kupita kiasi, au hewa imebaki ndani ya mabomba kwa sababu fundi wa mwisho aliona uvivu kutumia pampu ya kufyonza hewa kabla ya kujaza gesi.

Kwa Kituku, dau liwekwe kwenye mapezi. Barabara za Goma ni lava iliyosagwa na magurudumu, na vumbi lake jeusi huingia kila mahali. Ongeza masizi ya mbabula (majiko ya mkaa), mifuko ya plastiki na moshi wa pikipiki. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, siku zilizofuata majivu yalianguka juu ya jiji, na hata volkano inapotulia kreta yake hutoa gesi ya salfa ambayo wenye nyumba huitambua kwa jinsi mabati yanavyooza mapema. Inayokula bati hula pia alumini na shaba. Ndani ya chumba cha baridi nako mvuke wa samaki wanaoanza kuharibika hushambulia mabomba ya evapureta, kwa hiyo koili zilizopakwa rangi maalumu ya kinga, zikipatikana, zina thamani ya fedha ya ziada.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya mashine, vilivyoandikwa kwa watu wa usawa wa bahari, hulitaja kwa herufi ndogo. Hewa ya Goma ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15. Feni inazunguka kasi ileile lakini inasukuma hewa pungufu kwa uzito, na kondensa inapoa kwa shida kuliko ingekuwa Dar es Salaam kwenye joto lilelile. Ubaridi wa hali ya hewa husaidia kulipa deni hilo, mradi mashine ipumue hewa ya nje. Ikifungiwa ndani ya kibanda cha mabati chenye jua la saa saba, na kongelateri tatu zikipulizana joto mgongo kwa mgongo, deni linabaki palepale.

Kusafisha hakuhitaji fundi. Umeme unazimwa kwanza, kisha brashi laini inafuata mstari wa mapezi, juu kwenda chini, na maji yakitumika yawe ya kumwagwa taratibu, si ya mpira wa kuoshea magari unaoyalaza mapezi kama nyasi zilizokanyagwa. Mara moja kwa mwezi inatosha sehemu nyingi. Karibu na barabara ya vumbi, mara mbili. Baada ya hapo mkono unawekwa mbele ya feni: hewa ya uvuguvugu ikitoka, kondensa inafanya kazi yake. Isipotoka hewa, mgonjwa ameshajulikana.

Presostati ya juu ikikata na ina kitufe cha kurudisha, mwenye duka anaweza kukibonyeza mara moja baada ya kusafisha. Ikikata tena siku hiyohiyo, kitufe kiachwe na aitwe fundi mwenye geji. Ile skrubu iliyo juu ya presostati si ya kuongezea baridi, ingawa wako mafundi wanaoizungusha hivyo wakidhani wanafanya hisani. Nyuma ya presostati kuna walinzi wawili wa mwisho kwenye mashine kubwa: vali ya usalama inayofunguka yenyewe, na kizibo cha madini laini kinachoyeyuka tangi la gesi likipata moto. Mnunuzi wa mashine iliyokwisha kutumika akikuta kizibo hicho kimeondolewa na boliti ya kawaida imewekwa mahali pake, arudishe pochi yake mfukoni.

Presostati ya chini ina hadithi fupi. Inakata gesi inapopungua, na gesi haiishi kama mafuta ya taa. Inaisha kwa sababu inavuja. Anayeongezewa gesi kila baada ya miezi miwili analipia hewa. Fundi atafute tundu kwa povu la sabuni au kwa kifaa cha kunusa gesi. Akipima mabomba kwa presha atumie nitrojeni, na kamwe asitumie oksijeni ya kuchomelea vyuma, kwa kuwa oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa kwa presha hulipuka.

Hapa pia mwinuko una neno lake. Geji husoma tofauti kati ya gesi na hewa ya mahali ilipo, na hewa ya Goma ina presha ya bar 0.85 hivi badala ya 1.01 ya pwani. Gesi ya R134a ikiwa kwenye digrii 20 chini ya sifuri, geji ya Mombasa itaonyesha karibu bar 0.3 na ya Goma karibu 0.5. Kwenye presha ya juu tofauti hiyo humezwa. Kwenye presha ya chini inatosha kumfanya fundi apange presostati kwa jedwali la pwani, kisha ashangae kwa nini mashine inaendelea kuzunguka wakati gesi imeshapungua.

Lakini adui mkubwa wa kompresa za Goma haji kupitia bomba. Anakuja kupitia waya.

Jiji linalishwa na vyanzo vingi: SNEL, shirika la taifa linaloleta umeme wa mto Ruzizi, Virunga Energies yenye kituo cha Matebe cha megawati 13 na ushee, kilichozinduliwa Desemba 2015, Nuru yenye paneli za jua za megawati 1.3, na Socodee. Juu yao kuna jenereta za watu binafsi. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia jijini, umeme na maji vilikatika, na waliokuwa na chumba cha baridi walijifunza kuhesabu saa. Hata siku za amani umeme hukatika na kurudi, na kurudi ndiko kunakoua.

Kompresa ikizimwa ghafla, upande mmoja wa mabomba unabaki na presha kubwa na mwingine ndogo. Umeme ukirudi baada ya sekunde kumi, mota inajaribu kusukuma mlima uliopo mbele yake, inashindwa kuanza, na inavuta mkondo mara kadhaa ya kawaida. Kompresa nyingi zina kidude cha kukata kinachoitwa kliksoni, ambacho hupata joto, hukata, hupoa, kisha hurudisha. Ndiyo ile sauti ya tik! inayosikika kila baada ya dakika chache kwenye kongelateri inayohangaika. Kliksoni inaweza kuvumilia hivyo kwa muda, lakini si milele.

Dawa yake ni ya bei ndogo kuliko kreti chache za samaki: kifaa cha kulinda volteji chenye kuchelewesha. Kinasubiri dakika tatu hadi tano baada ya umeme kurudi ndipo kiruhusu mashine iwake, na kinakata volteji ikitoka nje ya mipaka. Kwa mfumo wa volti 220, mota nyingi huvumilia asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya 198 na 242. Mwenye duka asome namba hizo kwenye boksi kabla ya kununua, na aangalie pia ampia. Kifaa cha ampia 5 kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni kikifungwa kwenye kongelateri mbili, chenyewe ndicho kitaanza kuungua. Stabilizateri ni jambo jingine: inanyanyua volteji dhaifu, lakini nyingi za bei rahisi hazicheleweshi. Wauzaji huchanganya hivyo viwili, wakati mwingine kwa makusudi.

Chumba kikubwa cha baridi, au kiyoyozi cha jengo zima, hutumia nyaya tatu za umeme, na hapo inahitajika rilei ya fezi. Fezi moja ikipotea, labda kwa fyuzi iliyoungua nguzoni, mota haisimami. Inaendelea kwa nyaya mbili zilizobaki, mkondo wake ukipanda hadi karibu mara 1.7, na kwa dakika chache koili zinanuka. Rilei ya fezi hukata mara moja. Pia hutambua fezi zikiwa zimepinduliwa. Kompresa ya skroli ikizungushwa kinyume hutoa kelele za ajabu na haipoozi chochote, na kosa hilo hufanyika siku ileile ya kubadilisha jenereta: fundi wa jenereta anarudisha nyaya mbili mahali pasipo pake, anawasha taa, anaona zinawaka, anaondoka. Taa haijali mpangilio wa fezi. Kompresa inajali.

Sasa ardhi yenyewe. Kila mashine ya chuma inayogusa maji lazima iwe na waya wa ardhi, ili umeme ukivuja upate njia nyingine isiyo mwili wa mtu. Sokoni Kituku sakafu ina maji, mikono ina magamba na chumvi, na miguu mara nyingine ni peku. Lakini ardhi ya Goma ni lava. Kuipigilia nondo ya shaba ya mita mbili ni kazi ya kuvunja nyundo, na hata ikiingia, mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Mafundi waangalifu huchimba mtaro mrefu, hutandika waya mtupu wa shaba, hujaza udongo uliobebwa kutoka kwingine na kuumwagilia. Wasio waangalifu hufunga waya kwenye nondo ya dirisha.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini hata mtaro mzuri hautoshi peke yake. Tuseme ardhi ina ukinzani wa omu 100, jambo linalowezekana kabisa juu ya mwamba. Waya wa volti 220 ukigusa bodi ya kongelateri, mkondo utakaokwenda ardhini ni ampia 2.2. Disjonkteri (swichi ya kukata umeme) ya kawaida ya ampia 16 haitaona kitu. Kwake hiyo ni sawa na pasi ya nguo. Bodi itabaki na umeme hadi mtu aishike. Disjonkteri ya diferensiali ya miliampia 30 hupima kama umeme uliotoka ndio uliorudi, na tofauti ikifika hapo hukata kwa sehemu ya sekunde. Kwa kifaa hicho, hata ardhi ya omu 1,600 inatosha: bodi haiwezi kubaki na zaidi ya volti 50 bila kifaa kukata. Juu ya lava, basi, diferensiali ni kitu cha kununua kabla ya rangi ya kibao cha duka.

Ina kasoro moja: kwenye unyevu wa samaki hukata mara kwa mara, na watu huiondoa. Afadhali kila kongelateri ipate ya kwake, ili mashine mbovu ijulikane kwa kukata peke yake badala ya kuzima duka zima na kuzua ugomvi.

Kuhusu gesi, watu wa Goma wana mwalimu ambaye miji mingine haina. Mazuku. Neno hili la hapa limeingia hata kwenye vitabu vya wataalamu wa volkano duniani, na maana yake ni ile hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde, hasa magharibi mwa jiji kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na mbuzi aliyeinamisha kichwa kula majani kwenye shimo hainuki tena. Karibu gesi zote za mashine za baridi ni hivyohivyo: nzito, hazina rangi, nyingi hazina harufu. Zikivuja ndani ya chumba kilichofungwa hujaa kutoka chini kwenda juu na kuisukuma hewa ya kupumua. Yeyote anayejua kutompeleka mtoto kucheza kwenye bonde la mazuku anajua pia kwa nini kompresa haifai kuwekwa kwenye shimo au chumba cha chini kisicho na tundu la hewa karibu na sakafu. Na pale ambapo mazuku yapo kweli, shimo la mashine ni mtego uliotegwa mara mbili.

Gesi hutoa onyo pia, na mfano mchungu wa onyo lililopuuzwa uko mbali, mjini Fernie, Kanada. Uwanja wa barafu wa mji huo ulitumia amonia. Miezi kadhaa kabla, ilikuwa imeshajulikana kwamba chombo kimoja cha kupoza kinavuja ndani kwa ndani. Kikarudishwa kazini hata hivyo. Tarehe 17 Oktoba 2017 amonia ilitoka na kuua watu watatu, mmoja wao fundi wa mashine za baridi.

Gesi mpya zinaleta jambo jingine tena, na chanzo chake kiko safari ya saa chache kutoka Goma. Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia, na tangu hapo kongelateri nyingi za dukani huja na propani, iitwayo R290. Ni gesi nzuri na hupooza vizuri. Inawaka pia, kama ile ya jikoni. Mashine yake ina alama ya pembetatu yenye moto na huwekwa gesi kidogo tu; kwa miaka mingi kikomo kilikuwa gramu 150. Karibu nayo mbabula haifai. Fundi asiijaze R290 kwenye mashine ya zamani iliyotengenezwa kwa gesi isiyowaka, kwa kuwa rilei na termostati zake hutoa cheche. Ahadi ya kwamba inapunguza bili ya umeme huenda ni ya kweli, na bado jibu ni hapana.

Mlango nao ni kifaa cha usalama. Chumba cha baridi ambacho mtu anaweza kuingia lazima kifunguke kutoka ndani hata kikifungwa kwa nje, na kiwe na taa inayobaki na kengele inayosikika nje. Mpini wa ndani hushikwa na barafu; ujaribiwe kila wiki na mtu awe nje anasubiri. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1956 kulazimisha milango ya friji za nyumbani ifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani, baada ya watoto wengi kufa kwa kukosa hewa ndani ya friji zilizotupwa. Kongelateri mbovu zinazogeuzwa masanduku ya kuhifadhia vitu nyuma ya maduka zinahitaji jambo moja tu: kitasa king'olewe, au mfuniko wote.

Mwenye fedha kidogo aanze na diferensiali, kisha kilinda volteji chenye kuchelewesha, kisha brashi. Mwenye chumba cha baridi aongeze rilei ya fezi na daftari lililofungwa kwa kamba mlangoni, na kila mara kifaa kikikata iandikwe: saa, kifaa kipi, umeme ulikuwa wa shirika gani au wa jenereta. Fundi mpya akija, asome daftari kabla ya kushika bisibisi. Akimaliza, aulizwe swali moja mbele ya kifuniko kilichofunguliwa: kuna waya wowote uliopita juu ya kifaa cha kinga? Anyooshe kidole, aonyeshe.

Kisha kuna kile kitufe kidogo chenye herufi T juu ya diferensiali, ambacho watu hukiogopa kwa sababu kikibonyezwa duka lote linazima. Kinapaswa kubonyezwa kila mwezi, na Ziwa Kivu lina kalenda yake kwa kazi hiyo. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti sambaza vizuri, ndoo zinazoshuka Kituku hupungua, na kongelateri hubaki karibu tupu kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kubonyeza T, kujaribu mpini wa mlango, kuzima mashine na kuosha mapezi taratibu, bila mtu yeyote mlangoni anayeuliza itawaka saa ngapi.